Kwa nini delko ya platini isitupwe

Barabara inayotoka Goma, ikapita Sake, ikapanda milima ya Masisi hadi Nyabiondo kisha ikateremka kwenye msitu wa Walikale, inategemea Goma kwa karibu kila kipuri. Mwanzoni mwa 2025 ilionekana wazi utegemezi huo una hatari gani. Vita vilifika Masisi-centre na Goma mwezi Januari, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na mwezi Machi vikafika Walikale. Njia ikifungwa, kipuri hakifiki, uwe na fedha au usiwe nazo. Kwa hiyo anayenunua injini ya kutumia huko hatosheki kwa kujua itadumu miaka mingapi. Inampasa pia kujua ikizimikia Nyabiondo ni nani ataifufua, na kwa vifaa gani. Kwa kipimo hicho, delko ya platini, ambayo mafundi wengi vijana wanaiona chuma chakavu, inastahili kutengenezwa na kurudishwa kazini.

Delko ni kile kikombe chenye kifuniko cheusi kinachotoa nyaya nene kwenda kwenye kila bujie. Magari ya petroli ya enzi za Zaire, kama Volkswagen na Land Rover, yalikuwa nayo. Ndani yake kuna mhimili unaozungushwa na injini, na ubavuni mwa mhimili zipo platini: ncha mbili ndogo za chuma zinazotazamana. Zikigusana, umeme wa betri hupita kwenye bobini. Zikiachana, umeme hukatika ghafla, na bobini hutema maelfu ya volti ambazo rota huzigawa kwa bujie moja moja. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini hufunguka mara 6,000, yaani mara 100 kila sekunde. Kila zinapoachana, cheche ndogo huhamisha chembe za chuma kutoka ncha moja hadi nyingine, na baada ya muda upande mmoja huota kinundu na wa pili huchimbika. Ugonjwa huo unaonekana kwa jicho, na dawa yake ni tupa laini. Fundi husugua mpaka nyuso mbili ziwe bapa na zikutane sawasawa, hufuta ungaunga wa chuma kwa kitambaa safi, hupaka grisi kidogo mno pale platini inapogusa mhimili, kisha hupima mwanya. Volkswagen ya zamani hutaka milimita 0.4, na Land Rover kati ya 0.35 na 0.40. Aliyekosa kipimo cha bati hukadiria kwa ganda la kiberiti, akafika nyumbani.

Lakini kabla ya kusugua, fundi ashike ncha ya mhimili autikise pembeni. Ukicheza, bushi imelika, na mwanya utabadilika kila mzunguko hata asugue siku nzima. Hapo kazi ni ya mchonga vyuma, atakayetoa bushi mpya. Wakati wa kurudisha delko, pistoni ya silinda ya kwanza iwe juu kabisa kwenye mgandamizo, na rota ielekee waya wa silinda hiyo. Aliyepiga alama kabla ya kuichomoa hatahangaika.

Wapo watakaosema mfumo wa elektroniki haulazimishi taabu yote hii, na wanasema kweli. Tangu miaka ya 1970 watengenezaji walianza kuihama platini kwa sababu huchakaa na hudai kurekebishwa mara kwa mara, na mvua za Masisi haziisaidii. Pikipiki za Boxer na TVS zinazobeba watu na mizigo huko leo huwashwa na kisanduku cha elektroniki kiitwacho CDI, na kisanduku hicho hakina kinacholika ndani. Shida yake ni ya siku ya kufa. Kimejazwa gundi ngumu, hakifunguki, hakionyeshi kasoro, na fundi hodari hana la kukifanyia ila kukibadilisha. Kutoharibika upesi na kutengenezeka ni fadhila mbili tofauti. Mjini ya kwanza inatosha, kwa sababu duka liko karibu. Porini, ukikosa ya pili, unaweza kuiacha injini hapo kwa wiki nyingi.

Wengine huona kwamba kusifu platini ni kuwaombea maskini wabaki na vitu vya kale. Hilo silikubali. Ndege ndogo za injini za pistoni, ambazo hakuna anayeziita za kimaskini, nyingi bado huwashwa na magneto zenye platini, mbili kwa kila injini, zinazoendelea kufanya kazi hata betri ikifa angani. Hata Mazda, ilipotengeneza magari ya injini ya mzunguko aliyoibuni Mjerumani Felix Wankel, ilianza na platini.

Ninachokiri bila ubishi ni udhaifu wa kondensa. Hata delko ya zamani ina kiungo hiki kisichofunguka, na kikifa platini huungua upesi na cheche hudhoofika. Lakini ni kidogo, ni rahisi, na cha gari moja mara nyingi husaidia la aina nyingine, jambo ambalo CDI za pikipiki tofauti hazitoi kwa urahisi. Kwa hiyo fundi wa Walikale anahitaji ujuzi wa aina zote mbili: atengeneze platini za jenereta na magari ya zamani, na kwa Boxer ajue kuazima CDI ya pikipiki ya aina ileile ili athibitishe ugonjwa kabla ya kumtuma mteja anunue. Kondensa mbili, seti ya platini na CDI moja iliyofungwa vizuri kwenye nailoni havijazi hata mfuko wa koti la mvua, na gharama yake ni afadhali ilipwe kabla ya kuondoka Sake.