Kalemie: Sumu ya nyigu inaamsha homoni mwilini, lakini si dawa ya ugonjwa wa sukari

Wakaaji wa Katanika, karibu na mji wa Kalemie katika jimbo la Tanganyika, wanajua vizuri maumivu ya kuumwa na nyuki au nyigu. Kisichojulikana sana ni kwamba sumu ya wadudu hao inalazimisha seli za mwili kutoa vitu zilivyoweka akiba, zikiwemo homoni.

Kazi hiyo inafanywa na peptidi, yaani vipande vidogo vya protini. Katika sumu ya nyigu kuna mastoparani, ambayo watafiti wa Japani waliitangaza mwaka 1979. Katika sumu ya nyuki kuna melitini, ambayo ni karibu nusu ya sumu hiyo ikikaushwa.

Kwa kawaida, seli inangoja ishara. Ishara ikifika, kipokezi kilicho kwenye utando wa seli kinaamsha protini za ndani, ndipo seli inafungua akiba yake. Mastoparani haingoji kipokezi: inapenya utando na kuamsha protini hizo yenyewe, kama mwizi anayepitia dirishani na kufungua ghala huku mlinzi amekaa mlangoni. Ndiyo sababu seli za kinga zilizo kwenye ngozi zinamwaga histamini, na mahali palipoumwa panavimba na kuwasha.

Katika maabara, seli za kongosho za panya zilizowekewa mastoparani zilitoa insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu. Melitini nayo ilifanya vilevile.

Je, mgonjwa wa sukari ajiache aumwe? Hapana. Sumu haichagui seli: inagusa kongosho, damu, misuli na figo, na ikizidi inapasua seli kabisa. Mgonjwa anayeacha insulini yake ili kutegemea nyuki anahatarisha maisha.

Aliyeumwa na nyuki atolewe mwiba haraka, kwa sababu unaendelea kusukuma sumu. Mahali hapo paoshwe kwa maji na sabuni. Akivimba midomo, akishindwa kupumua au kuzirai, au akiwa ameumwa na nyuki wengi, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Kwa hali hiyo ya kushindwa kupumua au kuzirai, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini, ambayo nayo ni homoni.