Je, Wajua? Mnyama wa Boksi Huwa na Tabia Kabla ya Kuwa na Akili

Chukua mota mbili ndogo zilizong'olewa kwenye deki za DVD zilizokufa. Chukua vihisi mwanga viwili, vile vidude bapa vya duara vyenye mstari wa kujipindapinda usoni. Ongeza transista mbili, rezista chache, betri nne za tochi na kipande cha boksi. Sasa unganisha: jicho la kushoto liamuru mota ya kulia, jicho la kulia liamuru mota ya kushoto. Zima taa ya chumbani, washa tochi sakafuni, na mnyama wako ataifuata kama aliyeitwa kwa jina.

Kisha chomoa nyaya mbili uzibadilishe, kila jicho liamuru mota ya upande wake. Mnyama ni yuleyule na betri ni zilezile, lakini sasa anaikimbia tochi na kwenda kujificha chini ya kochi.

Hakuna kompyuta humo ndani wala programu. Kihisi mwanga ni kizuizi cha umeme ambacho ukali wake hupungua kadiri kinavyomulikwa. Gizani hubana kiasi cha kufikia ohmu milioni moja, juani hulegea hadi mia chache. Kikilegea, transista hupata kichocheo na kuufungulia mota mkondo. Tochi ikiwa kushoto, jicho la kushoto hupata mwanga mwingi zaidi; kama jicho hilo limeunganishwa na mota ya kulia, gurudumu la kulia hukimbia na mnyama mzima hupinda kushoto, kuuelekea mwanga. Kama limeunganishwa na mota ya kushoto, hupinda kulia na kuukwepa. Basi. Lakini mweke mtoto wa darasa la tano hapo atazame, na hatasema kwamba mkondo umeongezeka upande mmoja. Atasema, "Anaogopa!"

Mtaalamu wa ubongo Valentino Braitenberg, mzaliwa wa kaskazini mwa Italia, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1984. Alibuni kichwani magari madogo ya namna hiyo, moja baada ya jingine, na kuyapa sifa za binadamu: lenye nyaya za upande mmoja aliliita oga, lenye nyaya za kupishana aliliita korofi, kwa sababu huuendea mwanga kwa kasi kana kwamba linataka kuugonga. Kitabu hicho kina ucheshi, lakini hoja yake ni nzito. Ni rahisi kutengeneza kitu chenye tabia kuliko kuangalia tabia kwa nje na kukisia kilichomo ndani. Kila mwalimu wa fizikia anapaswa kulijua hilo, na wa saikolojia pia.

Miaka zaidi ya thelathini kabla yake, William Grey Walter alikwishawajenga wanyama wa aina hiyo kwa mikono yake. Alikuwa mtafiti wa mawimbi ya ubongo katika Taasisi ya Burden mjini Bristol, Uingereza, na kati ya 1948 na 1949 aliunda kobe wawili akawaita Elmer na Elsie. Kila kobe alikuwa na jicho moja la umeme, mota mbili, gamba lililojua likigongwa, na taa mbili za vakyumu, zile zilizokuwa zikitumika katika redio za zamani kabla ya transista kuenea. Taa hizo mbili zilisimama badala ya chembe mbili za ubongo.

Kobe hao walizungukazunguka chumbani wakitafuta mwanga. Mwanga wa kiasi uliwavuta, mwanga mkali uliwafukuza. Betri ilipokaribia kwisha, mambo yaligeuka: mwanga mkali uliowakera sasa uliwavutia, na kobe akajikokota hadi kibandani mwake, kwenye taa na chaja, akanywa umeme hadi akashiba. Mwaka 1951 kobe wa Walter walionyeshwa London kwenye Tamasha la Uingereza, na watu waliwatazama kama sisi tunavyowatazama wale kobe wakubwa wa Changuu, Zanzibar, ambao nao ni wageni waliotoka Shelisheli. Tofauti ni kwamba kobe wa Changuu hahitaji chaja.

Kwa nini basi mwanafunzi aunde mnyama, na si gari? Watoto wetu wanajua kuunda magari. Nenda mtaa wowote wa Kinondoni au Temeke, Dar es Salaam, utaona gari la waya lenye usukani mrefu, la kopo la mafuta, la magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala zilizochakaa. Ule ni uhandisi kamili, na inasikitisha kwamba mtoto akiingia darasani anaambiwa aache michezo asome sayansi. Ila gari lina jibu moja linalojulikana: liende. Mnyama wa kufugwa hana jibu la namna hiyo. Awe nani? Afanye nini? Nani atampenda, na kwa sababu gani? Hapo mwanafunzi analazimika kumuuliza mtu mwingine kabla ya kushika bisibisi.

Jumba la Sayansi la Boston, Marekani, limeeneza shuleni mchakato wa ubunifu wa hatua tano ambazo kwa Kiswahili zinakaa vizuri mdomoni: uliza, waza, panga, tengeneza, boresha. Shida ni kwamba tunaubandika ukutani kama ngazi, wakati kwa kweli mtu huzunguka humo, akirudi kwenye kuuliza kila anapokwama.

Tuseme darasa liko Mbweni, huku mwisho wa Kinondoni, ukishapita Kunduchi na Ununio na kabla hujafika mto Mpiji unaotutenga na Bagamoyo. Kijiji cha wavuvi na majumba mapya yenye kuta ndefu viko bega kwa bega, mchanga uko kila mahali, na upepo wa bahari unakula kila kitu cha chuma. Wanafunzi wametumwa wakamhoji jirani. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Haya, mwalimu kawatuma nini tena?"

"Tunatengeneza mnyama wa roboti, bibi. Wewe ungependa mnyama wa namna gani?"

"Mie mnyama wa nini? Nina kuku, nina paka, na wote wanataka kula. Nitengenezeeni wa kuwafukuza hawa kunguru kwenye dagaa zangu."

Hapo kazi imegeuka. Wanafunzi walikuja na wazo la roboti ya kupendeza yenye masikio. Wanaondoka na tatizo la kweli: kunguru asitue kwenye kichanja cha dagaa. Na kunguru si adui mdogo. Huyu kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akavuka bahari, na leo pwani yote ni yake. Ana akili, ana kumbukumbu, na hana aibu.

Watoto wengi watakimbilia kuunda paka. Wazo zuri, na kwa pwani lina mantiki kuliko mbwa, maana nyumba nyingi huku mbwa haingii ndani ilhali paka hulala mpaka kwenye mkeka wa kuswalia. Lakini paka ni mtego. Mjapani Takanori Shibata, aliyeanza kuunda roboti za kuwaliwaza wagonjwa na wazee miaka ya 1990, aligundua kwamba ukimpa mtu paka wa roboti, anamlinganisha mara moja na paka anayemjua. Halii hivyo, hatembei hivyo, mkia haukai hivyo. Akaamua kuunda mtoto wa sili, mnyama wa barafuni ambaye karibu hakuna mgonjwa aliyewahi kumshika. Roboti hiyo inaitwa Paro, ina uzito wa karibu kilo tatu na manyoya meupe, na watu waliipokea bila kinyongo kwa sababu hawakuwa na wa kumlinganisha naye. Mwaka 2009 Marekani iliiidhinisha kama kifaa cha tiba.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Mbweni anaweza kumwacha paka na kumchukua kaa. Kaa anaruhusiwa kwenda kiajabu. Na kumtengeneza ni ujanja tu: unachukua lile gari lako la mota mbili, unahamisha uso na macho ya kuchora ubavuni, na ghafla gari la kawaida linatembea upandeupande kama kaa wa ufukweni. Hukuongeza hata waya mmoja. Umbo peke yake limefanya kazi. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi wa Kongo alilielewa hilo alipowasimamisha askari wake wa trafiki wa roboti katika njia panda za Kinshasa mwaka 2013. Taa za rangi tu zingeweza kutosha, lakini yeye aliwapa kifua cha kuzunguka na mikono ya kuinuka, wakaonekana watu, huku wakila umeme wa jua.

Mfano wa kwanza usiwe na umeme kabisa. Hili walimu wengi hulikwepa kwa sababu linaonekana la kitoto. Kata boksi umbo la kaa, funga kamba, keti nyuma ya ukuta na umvute karibu na kichanja. Andika saa, andika kunguru walifanya nini. Asubuhi ya kwanza wataruka wote wakipiga kelele. Endelea kumvuta kwa njia ileile na kwa mwendo uleule, na watazoea. Atatokea mmoja wa kusimama kando akimtazama kaa apite, kisha arudi mezani. Ndege huizoea sanamu ya shambani kwa namna hiyohiyo, ndiyo maana wakulima huihamisha.

Sasa darasa limejifunza jambo ambalo mota peke yake isingelifundisha: kinachomtisha kunguru ni kutotabirika. Mtamleteaje mnyama wa boksi kutotabirika bila kompyuta? Rudini kwenye yale macho mawili. Kaa akiwekwa chini ya mnazi, vivuli vya makuti vinapita juu ya vihisi kila upepo unapovuma. Jicho hili likifunikwa mota hii hupungua, lile likifunuliwa ile hukimbia. Kaa atashtuka, atasimama, atapinda, na hata aliyemtengeneza hataweza kusema atafanya nini dakika ijayo. Mimi naona hapo ndipo uzuri wa zoezi zima ulipo: sehemu iliyokuwa kasoro chumbani imekuwa kipaji uwanjani.

Uwanja nao una masharti yake. Jua la saa sita mchana hulijaza kila jicho kiasi kwamba mnyama haoni tofauti ya kushoto na kulia. Kipande cha mrija mweusi kikivalishwa juu ya kihisi kinapunguza mwanga na kulipa jicho upande wa kutazama. Magurudumu ya vifuniko vya chupa huzama mchangani, yale ya ndala, mapana, hupita. Mota za deki huzunguka kwa kasi lakini hazina nguvu, kwa hiyo zing'olewe pamoja na gia zake za plastiki. Hewa ya chumvi huotesha kutu kwenye maungio, na rangi ya kucha inayapa kinga ya bei nafuu. Betri za laptopu kaeni nazo mbali. Zikigusana nyaya zinaweza kushika moto, na za tochi zinatosha.

Haya yote hayapatikani kwenye boksi la kununua lenye vipande vyenye namba na karatasi ya maelekezo. Vifaa hivyo vina kazi yake, lakini mtoto anayeunganisha kipande cha 4 na cha 5 hajabuni, amefuata ramani. Dar es Salaam ina mahali pa kujifunzia kwa njia nyingine. Buni Hub, katika jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi, Kijitonyama, ni nyumba ya wabunifu ambako vijana waliwahi kuunda printa ya pande tatu kutoka kwenye taka za kielektroniki, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ina studio ya ubunifu iliyoanzishwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, sekondari. Ningependa kuona humo alama zikitolewa kwa daftari: michoro iliyofutwa, maneno ya bibi yalivyosemwa, saa za kunguru. Roboti inayotembea ipewe alama, ila zisizidi za daftari.

Liko swali moja ambalo hata wakubwa walisahau kuliuliza: mnyama wa roboti akiharibika, nani atamtibu? Mwaka 1999 Sony ilitoa mbwa wa roboti, Aibo, kwa yeni 250,000. Nchini Japani mbwa 3,000 waliisha kwenye intaneti kwa dakika 20. Mwaka 2006 kampuni ikaacha kuwatengeneza, na mwaka 2014 ikafunga huduma ya matengenezo. Wenye mbwa wakabaki na wagonjwa wasio na hospitali. Mafundi waliowahi kufanya kazi Sony wakaanza kuwatibu kwa spea zilizotolewa kwa mbwa waliokwisha, na kabla ya kuwafungua waliwaombea dua katika hekalu la Kibudha la Kofukuji, mkoani Chiba.

Fundi redio wa Tegeta hana hekalu, lakini droo yake iliyojaa viungo vya deki na sabufa zilizokufa inafanya kazi ileile. Basi mnyama wa boksi afungwe kwa skrubu na nyaya za kusokota, gundi ya moto itumike kwa masikio na magwanda tu, na orodha ya kila kiungo ibandikwe tumboni mwake. Muhula ukiisha afunguliwe, mota zipimwe, na zilizo nzima zikabidhiwe darasa linalofuata, ambalo huenda bibi wa nyumba ya pili akaliomba kuku wa kuzuia panya.