Mbivu na mbichi za Kihispania

Mswahili anayeanza Kihispania huogopa kisichomdhuru. Akisikia kwamba kila nomino ni ya kiume au ya kike, na kwamba kivumishi hakina budi kuifuata, anashika kichwa. Mtu aliyekua akisema "viti vyeupe" na "magari meupe" bila kufikiri atashindwaje na *sillas blancas*? Ngeli zenyewe ni mbili tu! Yapo maneno machache yenye ukaidi, kama *la mano* (mkono), la kike japo linaishia na o, na *el problema*, la kiume japo linaishia na a. Hayo yanakaririwa, basi.

Kigingi hasa kiko kwenye "ni". Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa, *ser* na *estar*, na mwanafunzi huambiwa kwamba cha kwanza ni cha mambo ya kudumu, cha pili ni cha mambo ya kupita. Kanuni hiyo mimi siifundishi tena. Ujana unapita, lakini kijana *es joven*, kwa ser. Aliyekufa harudi, naye *está muerto*, kwa estar. Madrid haijahama, nayo *está en España*.

Ufunguo tunao mdomoni mwetu: -me-. Kiambishi hiki husema kwamba jambo limeshatokea na hali iliyozaliwa nalo ingalipo. Amekufa, *está muerto*. Amechoka, *está cansado*. Amekaa, *está sentado*. Mlango umefungwa, *la puerta está cerrada*. Hali hiyo itadumu dakika moja au milele, estar haijali. Inatazama mahali kitu kilipofikia. Si ajabu, maana imetokana na neno la Kilatini *stare*, kusimama.

Twende sokoni. *El mango es verde*: embe ni la kijani, rangi yake hiyo. *El mango está verde*: halijaiva, hata kama ganda lake ni jekundu. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukuapia kwamba embe lake *es verde pero está maduro*, la kijani lakini limeiva, na asiwe amejipinga hata kidogo. Tazama: -me- na -ja- zote zimeangukia upande wa estar.

Huko huko ndiko inakoangukia "yuko". Yuko hai, *está vivo*. Ila *es vivo* ni mjanja. Yuko tayari, *está listo*. Ila *es listo* ni mwerevu. Mwanafunzi wangu mmoja, alipoulizwa kama yuko tayari kwa mtihani, alijibu *soy listo*. Alifaulu, lakini si kwa jibu lile.

Ufunguo huu una meno yaliyovunjika. Sisi husema "ni mgonjwa", na anayetafsiri hiyo "ni" moja kwa moja hutoa *es enfermo*, kosa. Aanze na "ameugua", ndipo atafikia *está enfermo*. Aliyeoa *está casado*, ingawa *es casado* nayo inasikika sana, hasa Amerika ya Kilatini.

Mtego mbaya zaidi ni wa matukio. Kwetu harusi iko ukumbini na bibi harusi yuko ukumbini, tofauti ni ya ngeli tu. Mhispania huvitenganisha: bibi harusi ni mtu, kwa hiyo *¿dónde está la novia?*, harusi ni tukio, kwa hiyo *¿dónde es la boda?*