Kabla ya Kulipia Safari ya Barafuni

Vijana wengi wa Ngong, Kiserian na Kitengela, wakiisha kuizoea Milima ya Ngong yenye mita 2,460, huanza kuutamani Kilimanjaro, ambao siku ya anga safi huonekana kutoka huku kwetu. Hamu hiyo naiunga mkono. Linalonitia wasiwasi ni namna wanavyochagua kampuni ya kuwapeleka: huuliza bei tu, na aliyetaja ndogo kuliko wenzake ndiye hukabidhiwa fedha.

Bei hiyo ndogo hulipwa na mtu mwingine. Ada za hifadhi ya taifa zimepangwa na serikali ya Tanzania, wala hazina mapatano. Basi anayeuza kwa bei rahisi hana pa kupunguzia ila siku za safari, chakula na ujira wa wapagazi. Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Je, mizigo hupimwa? Wapagazi hulala wapi, na hula mara ngapi? Kampuni inayokwepa maswali haya imekwisha kuyajibu. Mjini Moshi upo mradi wa kutetea wapagazi, ulioanza mwaka 2003, nao huorodhesha kampuni zinazowatendea haki.

Suala la siku ni la kufa na kupona. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, zaidi ya maradufu ya Ngong, na mwili hauzoei hewa nyepesi kwa amri ya mwenye kampuni. Siku 5 ni chache mno. 7 ni afadhali. Mwenye pupa huumwa kichwa, hutapika, na mapafu yake yaweza kujaa maji. Kiongozi wa kuaminiwa ana mtungi wa oksijeni, na pia ana ujasiri wa kumwamuru mteja aliyelipa ateremke.

Wenye meli za watalii waendao Antaktika waliunda chama chao mwaka 1991, na kanuni zao haziruhusu abiria zaidi ya 100 kuwa ufuoni kwa wakati mmoja. Abiria mwerevu huuliza kwanza kama meli yake imo chamani.

Nasi tunao mlango wetu: njia ya Rongai huanzia ng'ambo tu ya mpaka, karibu na Loitokitok. Lakini wakala wa huku hawezi kukupandisha pasipo kampuni yenye leseni ya Tanzania. Mtake akutajie jina lake, kisha uipigie simu wewe mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi.