Je, Wajua? Risasi Iliyokuwamo Ndani ya Petroli
Je, wajua kwamba kijana wa Murang'a aienziye Subaru yake yenye tabo, akiiendesha kutoka Kenol hadi Sagana kwa mngurumo usiositirika, haipati tena petroli yenye risasi katika kituo cha mafuta, kwa kuwa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, iliyobaki ya mwisho duniani, ikaikomesha Julai 2021, khabari iliyotangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi?

Risasi hiyo, ambayo Thomas Midgley wa Marekani alitambua mwaka 1921 kuwa huizuia injini kugonga, ingalimo katika baadhi ya mafuta ya mashindano na ya ndege ndogo. Na mwenye kuitia katika gari la barabarani afahamu kwamba masalia yake huifunika platini ya kichujio cha moshi, na kuipofusha sensa ya oksijeni, hata injini isijue kipimo cha mafuta yake. Hiyo, kwa rai yangu, ndiyo hasara nyepesi. Kwani kemikali hii hupenya ngozini ikadhuru ubongo, wa watoto khasa, naye fundi aifyonzaye petroli yenye risasi kwa mpira mdomoni, au aoshaye vyuma kwayo, huihasiri nafsi yake. Ahitajiye mafuta haya uwanjani mwa mashindano huvaa glavu zisizopenyeka, huyamimina penye hewa tele, na gari lenye kichujio haliwekei kamwe.