Shokapu Mbovu na Gunia la Mahindi Mabichi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi, msomaji mpenzi, nilikwenda kukitembeza kibaya, na nilitaka kukivika kwanza nguo ya kizuri. Sikiliza yaliyonipata Likuyani, kaskazini mwa Kakamega.

Marehemu baba alituachia gari la michezo, Datsun 240Z. Wapenzi wa mashindano hawalisahau gari la aina hiyo. Ndilo lililompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973, alipolingana alama na Harry Källström hata ikabidi itazamwe ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kutozwa alama. Sisi warithi tuliafikiana liuzwe, kila mmoja apate fungu lake. Mnunuzi alipatikana Kitale, nami nikalitia njiani kutoka Mombasa, Novemba 2023.

Nilipopita Soy gari likaanza kuyumba kama dau katika mawimbi ya kusi. Kila shimo, pua yake ilipanda na kushuka mara nne, mara tano. Nikaingia kwa fundi mmoja wa Likuyani, mtu mzima, afanyaye kazi chini ya mti. Akabonyeza pembe ya mbele, akaachia. Gari zima hupanda mara moja likatulia. Langu liliendelea kuruka. Akapapasa tairi, akanionyesha lilivyolika mabonde mabonde. Akapangusa mafuta yaliyochuruzika.

"Shokapu zimekufa zote nne, kijana yangu."

Nilidhani shokapu ndizo zinazolibeba gari. Akacheka. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu huizuia isirukeruke. Ndani mna pistoni yenye vitundu vidogo, na mafuta hupenya humo kwa shida, hata nguvu ya kuruka ikageuka joto na kupotea. Mafuta yakivuja, springi ni farasi asiye na lijamu.

Nikamsogelea, nikanong'ona: "Mzee wangu, shokapu mpya ni ghali. Nitilie mafuta mazito tu, ufute uchafu, lifike Kitale limetulia. Nikishalipwa, yaliyobaki ni shauri la mwenyewe."

Mzee akaweka spana chini. Ulikuwa msimu wa mavuno, na ng'ambo ya njia mahindi yalianikwa juu ya maturubali. Akayaonyesha kwa kidole.

"Wako watu wanaweka makavu juu ya gunia, mabichi chini. Mnunuzi akifika nyumbani, yote yameoza. Mimi pia nalima. Hiyo kazi sifanyi. Na mahindi yanaharibu pesa tu. Gari hili litaua mtu kwa kona."

Nilishikwa na haya. Kisa cha Mtume (S.A.W.) kutia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumerowa, akamkemea muuzaji, nilikisoma chuoni tangu utotoni. Nimekuja kukumbushwa bara, na mtu asiyepata kukaa katika chuo chetu!

Tukaagiza vipuri Nairobi, vikafika kwa basi siku ya tatu. Mzee aliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akateremsha mguu wa gurudumu mmoja mmoja. Kabla ya kugusa nati ya juu, aliibana springi kwa vibanio viwili, kwani springi iliyobanwa ikifyatuka yaweza kumvunja mtu taya. Akafungua bomba, akamwaga mafuta meusi, akatia shokapu mpya pamoja na mafuta kidogo pembeni ya kuchukua joto. Nilipomwomba abadilishe za mbele tu, alikataa: za mbele nzima na za nyuma mbovu, gari halitakuwa na msimamo.

Nilifika Kitale bila kuyumba. Shokapu kuukuu nilizitia katika gunia, nikammwagia mnunuzi mbele yake, kisha nikamwonyesha na kutu ya chini ya sakafu aliyokuwa hajaiona. Akapunguza bei palepale, na mafungu yetu yakapungua. Ndugu zangu walininunia mwezi mzima. Mama peke yake alipokea lake, akalihesabu taratibu, akasema: "Dogo, lakini nitalala usingizi."

Nami nalala, alhamdulillahi. Lakini kila nionapo gunia la mahindi sokoni, humkumbuka yule mzee wa Likuyani na ile spana aliyoiweka chini.