Cha Bure Kina Mlipaji

Wasikilizaji wengi huniuliza: WhatsApp haimtozi mtu hata senti moja, je, riziki yake inatoka wapi?

Kinadharia, huduma ya intaneti ina njia tatu kubwa za kujipatia fedha. Kuna kumtoza mtumiaji ada, kuna kuwauzia wafanyabiashara nafasi ya matangazo, na kuna kuwapa wengi bure huku wachache wenye mahitaji makubwa wakilipa. Vitabuni mtu huchagua moja akaenda nayo. Sokoni mambo huwa mengine.

Jan Koum na Brian Acton walioianzisha WhatsApp mwaka 2009 walichagua ada, ambayo ilikuja kuwa kama dola 1 kwa mwaka. Mwaka 2012 waliandika wazi kwamba matangazo hawayataki. Mwaka 2014, wakati Facebook ilipotangaza kuinunua kwa dola zipatazo bilioni 19, watumiaji walikuwa milioni 450. Zidisha kwa dola 1, utaona hesabu inapendeza.

Kazi ilikuwa kuikusanya dola hiyo. Januari 2016 kampuni iliifuta ada, ikieleza kwamba watumiaji wengi hawana kadi za benki. Mtu aweza kuwa na fedha mfukoni akakosa mlango wa kuzipitishia.

Lakini mitambo haiendeshwi kwa shukrani. Agosti mwaka huohuo WhatsApp ilitangaza kwamba itaipa Facebook baadhi ya habari za watumiaji, zikiwamo namba za simu. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliitoza Facebook faini ya yuro milioni 110 kwa maelezo ya kupotosha iliyoyatoa wakati wa ununuzi kuhusu jambo hilohilo. Mwaka 2018 makampuni makubwa yakaanza kulipia ujumbe wanaowapelekea wateja. Juni 2025 yakatangazwa matangazo katika sehemu ya Status, yale yaliyokataliwa mwaka 2012.

Basi, ndugu msomaji, gharama ipo palepale. Aliyebadilika ni mlipaji. Siku hizi analipa yule anayetaka kukufikia wewe, na mwenye kulipa ndiye husikilizwa kwanza. Kama duka lako linapokea oda kwa huduma ya bure, ujue masharti yaweza kubadilika bila wewe kuulizwa. Itumie, ila namba za wateja wako ziandike pia kwenye daftari.